ISRAFU ILIYOMO MAJUMBANI MWETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja aliuliza swali ambalo baadhi ya wazee waliokuwako hawakulipenda. Alisema: "Masheikh wetu, kila siku twasikia redioni na shuleni kwamba nchi yaharibika, miti yakwisha, na bahari yajaa taka. Je, dini yetu ina neno katika haya, au haya ni mambo ya serikali na ya watu wa ng'ambo?" Mzee mmoja akamjibu kwa haraka kuwa kazi yetu sisi ni swala na saumu, na mambo ya taka yana wenyewe.

Sisi tumeona kuwa jawabu lile halitoshi, na kuwa kijana yule ana haki ya kujibiwa kwa dalili. Kwani jambo hili ambalo watu wa leo wamelipa majina mapya, sisi tunalo jina lake tangu zamani, nalo ni israfu.

Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31. Tazameni vizuri alivyotukataza. Hakutaja ulevi wala kamari, bali alitaja kula na kunywa, vitu vya halali. Akaturuhusu tule na tunywe, kisha akatuzuia kupita kiasi, akatwambia kuwa Yeye hawapendi wenye kupita kiasi. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na 27, amewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Na katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, ametujulisha kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mwenye kusoma aya hizi kwa mazingatio hawezi kusema tena kuwa taka na miti ni mambo ya watu wengine.

Basi leo twataka kuingia majumbani mwetu, chumba baada ya chumba, tutazame israfu imekaa wapi, na tuone namna ya kuitoa bila ya gharama. Kwani watu wengi hudhani kuwa kuihifadhi nchi ni jambo la matajiri, lataka vyombo vipya na fedha nyingi. Sivyo. Israfu ndiyo yenye gharama. Kuiacha ni kubakisha fedha mfukoni.

MAJI

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa swala yetu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Anas bin Malik, kuwa Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa saa moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi ni kipimo kinachokaribiana na kibaba chetu, na saa inakaribiana na pishi. Wazee waliotoa Zakatul-Fitri kwa pishi hawahitaji kuelezwa. Mudi moja haifiki lita moja. Iko pia hadithi mashuhuri ya Sa'ad, iliyomo katika Ibn Majah, ya kukatazwa israfu ya udhu hata ukiwa kwenye mto unaopita. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, nasi hatuijengi hoja juu yake. Hii ya Anas yatutosha.

Sasa natujitazame. Wazee wetu walitawadha kwenye birika la msikiti, wakiteka maji kwa kata. Leo tumewekewa mabomba, na hiyo ni neema. Lakini mtu hulifungua bomba, akakunja mikono ya kanzu huku maji yanakwenda, akamsalimu mwenziwe huku maji yanakwenda, akapaka kichwa, jambo lisilohitaji ila rutuba ya mkono, na maji bado yanakwenda.

Tufanye hesabu. Bomba litoalo lita 6 kwa dakika, mtu akitawadha kwa dakika 2, limemwaga lita 12. Kwa swala 5 ni lita 60, yaani mitungi 3 ya lita 20. Nyumba ya watu 6 itamwaga mitungi 18 kila siku kwa udhu peke yake. Watu hao hao wakitawadha kwa kopo la lita moja, watatumia lita 30 kwa siku, mtungi mmoja na nusu. Nani katika sisi, akiwa ananunua maji kwa mwenye mkokoteni, angekubali kununua mitungi 18 ili 16 na nusu katika hiyo aimwage?

Na maji haya hayatoki karibu. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yake huletwa kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na kutoka Marere katika vilima vya Shimba. Ndugu zetu wa Lamu nao hutegemea maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Na visima vyetu vya pwani, vikitekwa kupita kiasi, bahari hupenya chini kwa chini na maji yakawa ya chumvi. Yakisha kuharibika hivyo hayatengenei upesi.

Basi nyumbani tumia kopo au birika dogo. Bomba linalodondoka libadilishwe mpira wake. Hiyo ni kazi ya robo saa na ya fedha kidogo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagiwe mndimu au mkomamanga ulio uani. Mvua ya masika ikinyesha, kingeni ya paa katika pipa, na pipa lifunikwe lisizae mbu. Na msikitini tuzidi kuogopa, kwani maji yale ni mali ya wakfu, na mwenye kuyamwaga amemwaga haki ya watu wote, wa leo na wa kesho.

CHAKULA

Katika mlango huu sitawanyoshea wengine kidole, bali nitajishuhudia nafsi yangu.

Miaka michache iliyopita nilimuoza binti yangu. Jamaa waliniambia: fulani alipika magunia kadhaa ya mchele, nawe usituaibishe. Nami kwa kuogopa kuitwa bahili, si kwa kumuogopa Mungu, nikapika chakula cha watu mara mbili ya wale niliowaalika. Karamu ikesha, watu wakashukuru, wakaenda zao. Asubuhi tukakuta masufuria matatu ya biriani yamelala wazi katika joto, yamechacha. Tukamwita mwenye mkokoteni wa taka.

Alipokuwa akipakia, akapita jirani yetu wa mlango wa tatu, mama mtu mzima, mjane anayelea wajukuu mayatima. Hatukumwalika, kwani orodha ilijaa watu wakubwa. Akasimama akatazama, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, lau ungalinambia jana usiku, wajukuu wangu wangalikula." Hakusema zaidi ya hayo. Nami wallahi tangu siku ile kila nisomapo aya ya wabadhirifu huyasikia maneno ya mama yule.

Mtume (rehema na amani zimshukie), kama ilivyopokewa na Muslim, alimuusia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi azidishe maji yake ili awakumbuke jirani zake. Na katika Muslim pia ametuamrisha kuwa tonge likimwanguka mmoja wetu alisafishe alile, asimwachie shetani. Tonge moja! Basi itakuwaje masufuria matatu?

Ada hii ya kushindana kwa masinia si Sunna, wala si ukarimu. Ukarimu ni kumshibisha mwenye njaa. Haya ni kumshibisha jaa. Na mbaya zaidi ni karamu zinazopikwa katika matanga, ilhali Sunna ni jirani kuwapikia wafiwa, si wafiwa kuwapikia jirani. Hata Ramadhani, mwezi wa kuizuia nafsi, tumeigeuza mwezi wa sahani tisa za futari, na nusu yake haiguswi.

Dawa yake ni nyepesi. Mama wa nyumbani na apime mchele kwa kibaba kwa hesabu ya walaji, wala asipike kwa kukisia. Tule katika sinia moja, kwani anayekula na wenziwe huacha kidogo kuliko anayepakuliwa sahani yake. Chakula cha usiku kihifadhiwe vizuri, na wali ulio mzima upashwe moto sawasawa asubuhi. Kiporo kimewalea wazee wetu, wala hakuna aibu ndani yake. Mwenye karamu na aweke watu wawili tangu mwanzo, kazi yao iwe kupeleka chakula usiku ule ule, kikiwa bado cha moto, kwa jirani na kwa mafakiri. Na maganda ya ndizi na ya mihogo na majani ya mboga yapewe mbuzi na kuku, au yafukiwe pembeni mwa ua, yaoze, yawe mbolea ya miche.

MOTO WA JIKONI

Wengi katika sisi hupikia makaa, lakini ni wachache wanaojua gharama yake ya kweli. Katika tanuru za udongo zinazotumiwa na wachomaji wengi, kilo moja ya makaa hutaka kilo tano za kuni na hata zaidi. Iliyobaki yote huenda moshi. Kila gunia linaloingia mjini limeacha nyuma yake miti mingi iliyokatwa. Mikoko nayo hukatwa kwa kuni na kwa majengo, ilhali mizizi yake ndiyo malezi ya samaki wadogo na kamba na kaa, na ndiyo boma linalozuia bahari isiile nchi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu. Ikikatwa ovyo, mvuvi ndiye wa kwanza kulia.

Hatusemi watu waache kupika. Twasema watu wapike kwa akili. Jiko lililotiwa udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hushika joto na kupunguza makaa kuliko jiko la bati tupu. Bei yake hurudi kwa yale makaa yaliyobakishwa. Kunde, maharage na mbaazi zirowekwe tangu usiku, zitaiva kwa moto mdogo. Chungu kifunikwe. Wali ukikaribia kukauka, au maharage yakisha kuchemka vizuri, sufuria iepuliwe na kufunikwa, iwekwe ndani ya kikapu kilichojazwa matambara makavu, ifunikwe gubigubi. Chakula kitamalizia kuiva kwa joto lake chenyewe. Makaa yaliyobaki yazimwe kwa kufunikiwa majivu au mchanga, yatumike kesho. Na vifuu na makumbi ya nazi, ambayo sisi watu wa pwani huyatupa, ni kuni nzuri tuliyopewa bila ya kukata mti.

Jambo moja la uhai: jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, wala lisilale na watu. Hewa yake ni sumu isiyo na harufu, na imeua watu usingizini.

VIFUKO NA CHUPA

Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku vifuko vya plastiki vya kubebea bidhaa, na ikaweka adhabu kubwa: faini hadi shilingi milioni 4, au kifungo hadi miaka 4. Watu wakashika vikapu mara moja. Hili ni jambo jema, lakini Muislamu yampasa ajiulize: je, niliacha kwa kuogopa askari au kwa kumuogopa Mola wangu? Kwani kabla ya siku ile tulikuwa tukiijua hadithi ya Abu Huraira, iliyomo katika Muslim, kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Na udhia ule tulikuwa tukiutupa sisi wenyewe.

Na kilichokatazwa ni vifuko, lakini chupa zimebaki. Tazameni baada ya arusi au maulidi au mkutano: chupa za maji mamia, nyingi zimenywewa mafunda mawili kisha zikaachwa. Zote huishia mitaroni, na mvua huzipeleka baharini. Plastiki haiozi kama jani. Huvunjikavunjika ikawa vipande vidogo, samaki wakavila. Kasa huiona kifuko kinachoelea, akakidhania konyeza, akakimeza, akafa.

Basi turudie pakacha na kikapu cha ukindu, ambavyo havikuja kwa meli bali vilisukwa na mama zetu. Kikapu kimoja cha ukindu hutumika muda mrefu, na fedha yake huingia mkononi mwa mwanamke wa mtaa, pengine mjane anayelea mayatima. Katika karamu tuweke mtungi wa maji safi na vikombe vya kuoshwa. Na mwenye kwenda kununua maziwa au mafuta achukue chombo chake.

VITU VIKUUKUU, NA TAA

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Ibn Abbas, kuwa Mtume (rehema na amani zimshukie) aliona kondoo aliyekufa, aliyepewa huria wa Bibi Maimuna katika sadaka, akauliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Wakasema ni mfu. Akawajibu kuwa kilichoharimishwa ni kumla. Angalieni, ndugu zetu: hata katika mzoga Mtume aliona kitu kisichofaa kupotea. Na Bibi Aisha, katika riwaya ya Imam Ahmad, ameeleza kuwa Mtume akiwa nyumbani alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake.

Leo kanzu ikikatika kifungo hutupwa, na kiti kikilegea mguu hupelekwa jaani, na mafundi wetu wakaa bila ya kazi. Tuwape kazi. Nguo iliyomfupia mkubwa avae mdogo. Isiyovaliwa itolewe sadaka ikingali nzima, si baada ya kuwa tambara. Kopo tupu huwa chombo cha mche wa mchicha.

Ama taa, Mtume ametuamrisha tuzizime tulalapo, katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari. Sababu iliyotajwa ni kuogopa panya kuuburura utambi akaiunguza nyumba. Hatutaki kuizidishia hadithi maana isiyokuwa yake. Lakini taa inayowaka katika chumba kisicho na mtu ni israfu, na israfu imeharimishwa kwa aya tulizokwisha kuzitaja. Na mwenye glopu ya zamani ya wati 60, ikiungua, anunue hizi mpya za wati 8 au 9. Mwanga wake ni karibu sawa, na umeme wake ni chini ya robo.

MANENO MAWILI YA MWISHO

Wako watakaosema: hii ndiyo njia ya ubahili. Tuwajibu kwa Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, ambamo Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake kuwa watoapo hawapiti kiasi wala hawafanyi choyo, bali huwa katikati. Bahili hubakisha ajirundikie. Muislamu hubakisha apate kutoa. Fedha ya makaa na ya maji itakayobaki mwisho wa mwezi, sehemu yake na ivuke mlango, iende kwa jirani.

Na wako watakaosema: viwanda na magari yaharibu dunia, mimi na kopo langu nitafaa nini? Hao tuwakumbushe hadithi ya Anas aliyoipokea Imam Ahmad, kuwa Kiyama kikimfikia mmoja wetu na mkononi mwake mna mche, akiweza kuupanda basi na aupande. Nani atakula matunda ya mche ule? Hapana. Lakini mja haulizwi matokeo ya dunia nzima. Huulizwa mche uliokuwa mkononi mwake. Wewe utaulizwa bomba lako, na sufuria lako, na jirani yako.

Enyi waume, msiwaachie mabibi zenu jambo hili kisha mkawalaumu. Ninyi ndio mnaoleta sokoni na ndio mnaotaka sahani tisa. Enyi mama na dada zetu, nyumba ni shule, na mtoto aliyekuona ukifunga bomba hatahitaji kufundishwa na serikali. Nanyi wazee wa misikiti, wekeni makopo penye mabomba, na mumkumbushe imamu aliseme jambo hili katika hotuba ya Ijumaa.

Tuanze wiki hii kwa mambo matatu tu: udhu kwa kopo, mchele kwa kibaba, na sokoni kwa kikapu. Atakayeyadumisha matatu haya, mengine yatamfuata kwa wepesi, inshallah.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyamwaga ilhali wenzetu wana kiu, na tuliyoyatupa ilhali jirani zetu wana njaa. Tujaalie tuwe waangalizi wema wa neema Zako, wala usituondolee kwa sababu ya israfu yetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.